Dengu Nyekundu za Bishakha

Katika basi la kwenda Krishnanagar, huko Bengali nchini India, nilijifanya nimelala, maana hapo ndipo masikio yangu hufanya kazi vizuri. Bishakha, jirani yangu, kwenye kiti cha mbele alikuwa akimsifia mjane wa sari nyeupe dengu nyekundu azipikazo mwenyewe: kitunguu, nyanya moja, bizari ya kukaanga mwishoni, na nyumba nzima inashiba.

“Ila tangu Alhamisi haziniingii, mama. Zinanuka nyama.”

“Mumeo yuko wapi?”

“Kerala, mbali kule kusini, anajenga. Hapokei simu.”

“Mimi pia zilininukia kabla habari ya kifo cha mume wangu haijafika. Kwetu dengu nyekundu huhesabiwa nyama, ni mwiko kwa mjane; sisi wajane tunakula choroko tu, mwanangu.”

“Usiniletee uchuro. Ni tumbo.”

Basi likasimama sokoni. Bishakha akashuka mbio, akaomba dengu nyekundu kwa sauti. Muuzaji, asiyemjua hata kwa sura, akampimia choroko.