Karatasi Iliyozidi: Maisha ya Mwalimu Paulinus Mulama

Mwalimu Paulinus Mulama, ambaye leo Jumamosi tarehe 22 Februari 2025 tunamrudisha udongoni, alizaliwa Butula tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Willis Egesa na marehemu Mama Roselida. Alisoma shule ya msingi na ya upili hukohuko Butula, akafuzu chuo cha ualimu mwaka 1991. Mwaka uo huo alianza kufundisha kemia na biolojia katika shule ya upili iliyo karibu na Malaba, wala hakuhama mpaka maradhi yalipomtoa darasani.

Alimwoa Petronilla Apeduno wa Angurai tarehe 3 Desemba 1994. Walikutana sokoni, yeye akiuza maharagwe. Mwalimu alimuuliza kama anajua kwa nini maharagwe hufura yakilowekwa. "Ili yatoshe wageni," akajibu, na Mwalimu alicheka mpaka akanunua debe zima ambalo hakuwa na mtu wa kumpikia. Petronilla hakuwahi kuingia darasani. Mungu aliwajalia binti mmoja, Sharlyne, anayewasomea maneno haya kama mama yake alivyoyasimulia.

Mwaka 2016 Mwalimu alikuwa akisomea shahada ya pili. Alitaka kupima kama wanafunzi wana hamu ya kusoma sayansi, na kama wanaona inahusu maisha yao ya nyumbani. Kila muhula aligawa hojaji zisizo na majina: sentensi ishirini, na kando ya kila sentensi visanduku vitano, kuanzia nakataa kabisa hadi nakubali kabisa. Aliyezihesabu tiki ni Petronilla, kwenye meza ya jikoni. Hakuhitaji kusoma; alivijua visanduku kwa mahali vilipokaa. Alipitisha pia kidole gumba mgongoni mwa karatasi, akajua nani ameandika kwa uvivu na nani amekandamiza kalamu. Katika kitabu cha utafiti huo ameshukuriwa hata mpiga chapa. Petronilla hayumo.

Julai mwaka huo kidole chake kilikuta karatasi iliyoandikwa nyuma. Akamuuliza mumewe inasema nini.

"Mama Sharlyne, nyuma hakuna kisanduku," Mwalimu alisema. "Kisicho na kisanduku hakihesabiki. Weka na zile zilizoharibika."

Akaiweka.

Tarehe 11 Agosti, Akiteng, mwanafunzi wake wa kidato cha pili, aliteremka kisimani kwao Angurai kufuata ndoo iliyokatika kamba. Hakupanda tena. Hewa ya kule chini ilikuwa mbaya. Baada ya matanga, baba yake, Mzee Ojakol, alikuja kuuliza kwa heshima, kwani mtoto alikuwa amemwambia kwamba amemwandikia Mwalimu juu ya kisima hicho.

"Mzee, unisamehe," Mwalimu alimjibu. "Mke wangu hajui kusoma. Nadhani aliwashia moto."

Petronilla alikuwa amesimama hapo na trei ya chai. Tangu siku ile, kila alipokwenda kwao Angurai, wanawake walimwambia waziwazi asikaribie jiko lao. Hata katika mazishi ya mama yake mzazi alikaa peke yake.

Februari 2017, wanafunzi 48 walipewa karatasi 48. Petronilla alihesabu 49. Iliyozidi ilikuwa na unyevu, ingawa vumbi lilijaa kila mahali, na ilinuka tope la kisima. Tiki zake zote zilikaa kisanduku cha kwanza. Alimwambia mumewe kwamba kidole chake kinamjua aliyeikandamiza kalamu ile. Mwalimu akasema hesabu zimemshinda. Muhula uliofuata alihesabu mwenyewe mara tatu, kisha akatoka nje, akakaa. Kila muhula ilizidi moja. Utafiti ulikwisha, lakini hakuacha kugawa hojaji. Alisema huenda safari hii zitatimia.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumbana. Madaktari walisema mapafu yamekakamaa. Mwishowe akawa anaomba mshumaa uwashwe mchana na kuwekwa sakafuni, kando ya kitanda. Ukiwaka, alilala. Jumapili tarehe 9 Februari mwaka huu, saa nane mchana, mlango umefungwa na hakuna upepo, moto ulififia ukazimika. Petronilla aliuwasha mara mbili, ukakataa. Juu ya meza uliwaka vizuri. Mwalimu aliutazama, akasema, "Hukuwashia moto. Iko chini kabisa ya sanduku langu la vitabu. Nilijua siku ileile Mzee Ojakol alipouliza." Hakupata pumzi ya kuongeza.

Karatasi ilikuwemo. Sharlyne aliisoma: "Mwalimu, tukishusha taa kisimani kwetu inazimika. Ndoo ikikatika tunatumwa kuifuata. Naogopa. Tufundishe kwa nini inazimika."

Kesho yake mwalimu Quinton wa shule ileile alileta hojaji ambazo marehemu alikuwa ametuma zigawiwe Januari. Wanafunzi ni 52. Karatasi zilikuwa 53, na moja ilikuwa imelowa.

Alhamisi Petronilla alimpelekea Mzee Ojakol maneno ya mwanawe, akayaweka mkononi mwake. Mzee aliishika karatasi ile muda mrefu. Ndipo akamwambia, "Mwanangu, sogea ukae karibu na jiko."

Jana hojaji zilihesabiwa tena. Zilikuwa 52, zote kavu.

Marehemu ameacha mjane, Petronilla Apeduno, ambaye hakuchoma karatasi yoyote. Binti yake Sharlyne. Na ndugu yake Okwara wa Budalang'i. Mzee Ojakol yupo hapa kati yetu.

Mwalimu apumzike kwa amani. Na Akiteng, aliyemtangulia, sasa naye apumzike.