Arlene Dudek na Swali la Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, mkae nasi kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Arlene Dudek wa Barabara ya Archer, hapa hapa Chicago. Alifariki Jumatano iliyopita akiwa na miaka sabini na minne. Arlene alikuwa fundi wa jukwaa, na kwa miaka tisa kazi yake kubwa ilikuwa kufungua mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa kipindi cha televisheni cha Dale Crain. Wazazi wetu walikitazama mchana, wakikunja nguo. Watu wawili wanakaa jukwaani, wanatukanana juu ya mume au mtoto. Kisha Crain anasema, "Hebu tuone nani yuko nyuma ya mlango." Mgeni wa ghafla anaingia, viti vinaruka, ukumbi unazomea. Upande wa pili, mkono kwenye kitasa, alikuwa Arlene. Taa ya kijani ikiwaka, anafungua.

Mwaka 1997 aliletwa msichana wa miaka kumi na tisa, Tammy, kutoka Kokomo. Aliambiwa anakuja kupatanishwa na dada yake. Akiwa nyuma ya mlango akamsikia dada huyo akimwita mwizi wa waume, na watu mia mbili wakishangilia. Akamshika Arlene shati. Akasema, "Mama, sitaki kuingia huko."

Taa ikawaka. Arlene akafungua.

Binti yake Arlene, Denise, anaikumbuka jioni ile. "Mama hakugusa chakula. Baba akamuuliza, 'Wamekufukuza?' Akasema, 'Afadhali wangenifukuza. Mtoto wa watu kaniambia hataki, nami nikamfungulia.'"

Tangu siku hiyo, kila aliyesimama pale alimuuliza swali moja: "Unataka kuingia?" Narudia, wasikilizaji: "Unataka kuingia?" Ukisema ndiyo, anafungua. Ukisema hapana, hafungui, hata taa iwake mpaka iungue.

Stan Bielski, mvuta kamba za pazia, alikuwa fundi mwenzake. Anasema, "Tulimtania sana. Nikamwambia, 'Arlene, wewe bawabu au padri?' Akanijibu, 'Padri husikia mtu akishaharibikiwa. Mimi nauliza mapema. Shika kamba yako, Stan.'"

Watu kumi na mmoja walisema hapana. Baada ya huyo wa kumi na moja, wakubwa wa kipindi wakamwondoa.

Halafu Dale Crain akaingia kwenye siasa. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka. Mwaka 2002 aligombea ubunge, na mdahalo wake ukarushwa moja kwa moja kutoka ukumbi mmoja wa maigizo. Chama cha mafundi humpeleka kazini aliye juu kwenye orodha. Siku hiyo aliyekuwa juu ni Arlene. Alipofika nyuma ya jukwaa la siasa, akaukuta mlango, na taa ya kijani juu yake.

Nyuma ya mlango alisimama kijana aitwaye Kevin, mtoto wa mpinzani wa Crain, mwalimu Marjorie Tate. Kevin alikuwa na miezi saba tangu aache dawa za kulevya. Ana shada mkononi, kwa kuwa aliambiwa atampa mama yake maua. Ndipo akasikia Crain akiuliza jukwaani, "Mwalimu, mmoja tu amekushinda kulea. Sisi watu laki sita wa jimbo hili utatuweza?"

"Unataka kuingia?" Arlene akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kaa kwenye sanduku lile. Kuna nusu ya mkate wangu wa nyama, malizia."

Taa ikawaka. Mlango haukufunguka. Watu wakaanza kuimba jina la Crain, naye akaja mwenyewe kuvuta kitasa. Arlene alikuwa ameuzuia kwa mguu.

"Arlene, fungua," akanong'ona.

"Umejuaje ni mimi?"

"Nani mwingine ana kichwa kigumu hivi?"

"Basi unajua sifungui."

Jimbo zima lilimwona mgombea akipambana na mlango kwa dakika nzima. Na bado Crain alishinda uchaguzi. Arlene akasimamishwa kazi mwaka mzima. Denise alimwambia, "Mama, umepoteza kazi, na yeye kapata kiti." Akajibu, "Kevin alirudi nyumbani na mama yake. Mimi nilisimama kwa ajili hiyo."

Miaka minne iliyopita kipindi cha Crain kiligeuzwa kuwa opera, maigizo ya kuimbwa. Denise anacheka akisimulia. "Waliokuwa wakimdharau mama kwa kazi ya uchafu walikuja na mavazi ya hariri kutazama uchafu uleule, ila sasa una vinanda." Na ilikuwa opera yenye mlango. Arlene, nywele nyeupe, akapangiwa zamu.

Siku moja ya mazoezi alimuuliza mwimbaji Ines Calloway swali lake. Ines alikuwa ametoka kumzika baba. Akasema, "Bado." Okestra ikapiga, mlango umefungwa. Kiongozi wa okestra akaja juu. "Mama, hii ni sanaa. Huyu anaigiza."

"Anayeigiza ni mtu," Arlene akasema. "Na kasema bado."

Ines ananiambia, "Nilinawa uso. Baada ya dakika ishirini nikamwambia, sasa ndiyo. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ines na Arlene wakaandika sharti moja la kuingizwa kwenye mikataba ya chama: mlango usifunguliwe mpaka aliye nyuma yake akubali. Iwe televisheni, siasa au opera. Machi mwaka huu wanachama waliinua mikono. Sharti likashindwa kwa kura tisa.

Arlene alikuwa tayari mgonjwa. Akaanza kuwapigia simu wote waliokataa, mmoja mmoja. Stan alikuwa miongoni mwao.

"Niliogopa tutanyimwa kazi," anasema Stan. "Alinipigia Jumatatu, siku mbili kabla hajafa. Ya kura hakuyagusa. Aliniuliza, 'Stan, Tammy sasa ana miaka mingapi?' Nikahesabu kwa vidole. Ni umri wa binti yangu."

Kura inarudiwa Alhamisi hii, saa moja jioni, ukumbi wa chama. Stan ameomba awe wa kwanza kuzungumza.

Kwa Denise, kwa wajukuu, kwa mafundi wote wa jukwaa, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja ana mlango gani mkononi: mwalimu, mwandishi, mzazi, askari.

Mimi wangu ni hiki kipaza sauti. Asubuhi hii, kabla ya kuwaletea maneno ya Denise, nilimpigia nikamuuliza kama anataka yasikike. Akasema yote sawa, isipokuwa yale ya siku ya mwisho hospitalini.

Hayo hamkuyasikia, wasikilizaji wapendwa. Nimeshayafuta.