Mgeni wa Meli Aliyefika Kasulo

Ndani ya basi la Ngara nilikaa nyuma ya Danstan, kijana wa Bukiriro, kijiji cha huko Ngara, anayetembeza wageni bandarini Dar es Salaam. Pembeni yake alilala mzee wa Kizungu, kofia usoni. Mama Verediana, anayefahamiana na Danstan, alipanda Biharamulo, akaitikia shikamoo yake, kisha akauliza huyo mzee katokea wapi.

"Kwenye meli ya watalii, mama. Waliambiwa wasivuke soko la vinyago. Yeye akataka kuona watu wanakoishi, nikampeleka kwangu Mbagala. Akauliza kama ndiko kwetu hasa. Ningemdanganya?"

"Ungemdanganya! Mgeni wa meli anazungukia karibu na meli. Na meli yenyewe?"

"Imeondoka juzi."

"Mke anaye?"

"Yumo melini."

Verediana alishika kichwa. Danstan akasema mtu hawezi kuvuka bahari nzima aje kuonyeshwa geti la bandari. Verediana akajibu kwamba geti huwekwa kwa ajili ya watu kama Danstan.

Simu ya mzee ikaita. Alisikiliza, akamnong'oneza Danstan, naye akatutafsiria.

"Mkewe anauliza kama Bukiriro kuna bandari."

Hata mimi nilijikuta nikiufikiria mto Ruvubu wa huko Ngara.

Tulisimama Kasulo, wawili hao wakashuka kutafuta gari la Bukiriro.

"Mrudishe kwa mke wake!" Verediana alipaza sauti dirishani, huku akimpitishia mzee mfuko wa maparachichi. "Na umwambie asile kabla hayajalainika!"