Mama Unywele na Nyufa za Jiwe la Kijani

Wasikilizaji wapendwa, shikeni unywele mmoja wa kichwani. Sasa fikirieni jiwe lililosagwa hata likawa jembamba kuliko huo. Ndiyo iliyokuwa kazi ya tunayemkumbuka leo, fundi wa maabara ya miamba, ambaye wenzake walimwita Mama Unywele. Ametutoka juma hili, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha chini ya ghorofa, kisicho na dirisha. Miaka thelathini na moja, wapendwa. Mawe yanaletwa kutoka mbali, yeye anayakata, anayasaga, anayabandika kwenye kioo ili wataalamu wayatazame kwa hadubini. Alitaka jambo moja tu: kufika mawe yanakotoka. Kila mwaka aliomba ahamie kwa wale wanaokwenda porini kuyaokota. Kila mwaka aliambiwa avute subira.

Siku moja likaja jiwe la kijani lenye punje nyekundu ziitwazo ganeti, lililookotwa kwenye uwanda uliolala kama mkeka. Alipolisaga, ganeti zikaonekana na nyufa. Mkuu wake akasema amelipasua kwa pupa, arudie. Akarudia. Nyufa zilezile. Mara ya tatu akatupiwa kijembe: mkono ukizeeka, stoo ipo.

Hakubishana. Alimwomba mkuu ashuke, akasaga mbele yake, kwa vidole vitupu, taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga.

"Bosi, tazama mwenyewe," akasema. "Ufa wangu ungekatiza jiwe zima. Hizi zimeanzia kwenye hiyo chembe nyeupe ya katikati, zikatawanyika kama miale. Kitu kilifungiwa humo, kikavimba."

Mkuu alichungulia, akafuta miwani, akachungulia tena. Wataalamu wakathibitisha. Chembe ile ilibanwa karibu kilomita mia moja chini ya ardhi, zama mabara mawili yalipogongana. Jiwe lilipopanda juu, chembe ikatanuka, ikaipasua ganeti. Penye uwanda ule palikuwa na safu ya milima. Milima imeliwa na mvua na upepo. Jiwe limebaki kuwa shahidi.

Mama Unywele akaandika ombi lake tena. Safari hii mkuu alimjibu kwa mdomo, na kwa heshima zote: "Dada, kwa jicho hilo, nani atakuachia uende?"

Bintiye anakumbuka mama alivyorudi nyumbani akicheka peke yake. "Ningejua, mwanangu, ningekuwa mzembe kidogo."

Alipostaafu, kifua kilichojaa vumbi la mawe hakikumruhusu safari. Uwanda ule hakuuona. "Mama hakuwa na kinyongo," anasema bintiye. "Alikuwa na hamu."

Tunampa pole binti huyo, na wajukuu wawili waliozoea kulalia mikono ile. Na wewe unayetusikiliza: kama kazini kwenu yuko mtu mnayemsifu kwamba hamwezi kumwachia aende, kesho asubuhi muulize alitaka kwenda wapi. Muulize akiwa angali anaweza kutembea.