Marehemu Ndiye Aliyeamuru Tangi Likaushwe

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada anayemfuata marehemu kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa mwenyewe aliniwekea sharti kwamba nisimpambe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari, na mwaka 1984 akahitimu chuo cha ufundi, na tangu hapo hakupita kwenye ukuta wa mtu bila kuugonga kwa kidole na kutikisa kichwa.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na nesi, wifi yangu huyu aliyeketi mbele, ambaye hakuwahi kukunja uso kwa harufu ya maji taka aliyotoka nayo mumewe kazini, ingawa viatu vyake viliamriwa kulala nje, wakajaliwa watoto watatu.

Julai 2014 alikabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa kupanua mitambo ya kusafisha maji taka, na hapo ndipo penye jambo alilotaka lisemwe. Tangi jipya la zege lilikuwa limejazwa maji ili uzito wake ulishikilie chini, maana mvua zilikuwa zimejaza maji ardhi yote, lakini wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, naye akataka waone sakafu ikiwa safi, hivyo tarehe 9 Aprili 2016 akamwamuru mwendesha pampu alikaushe. Wengi wetu hatukujua kwamba zege huelea. Maji ya ardhini yaliliinua tangi, likakaa upande, likapasuka.

Kwenye kikao kila jicho lilimgeukia mwendesha pampu, na kaka yetu, aliyejua ukweli, akanyamaza, yule bwana akafukuzwa kazi. Wiki iliyofuata marehemu alirudi kwa wakubwa, akawaambia amri ilikuwa yake, akavuliwa usimamizi, na mwenzake akarudishwa. Alikataa kazi nyingine ya mbali, akabaki kama fundi wa kawaida kulijenga upya lile tangi hadi lilipoanza kazi Novemba 2018. Lakini ulimi hauna mfupa, na mtaani yule bwana anaitwa Bwana Elea mpaka leo, jambo lililomuumiza marehemu kuliko cheo alichopoteza.

Marehemu alianza kuugua ini Septemba 2023, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, na akafariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupokelea wageni kana kwamba msiba ni wao, na wafanyakazi wenzake waliokuja na sare zao.

Mwisho, marehemu aliomba, na familia imekubali kwa moyo mmoja, kwamba wa kwanza kulishika jeneza lake awe mwendesha pampu, ambaye yuko hapa, amesimama nyuma kabisa. Kaka, tunakuomba upite mbele, na ninyi mliokusanyika mpisheni njia.

Lala kwa amani, kaka yetu, lililokukosesha usingizi limesemwa mbele ya watu.