Nilitafuta Uchawi Kwenye Maharagwe ya Mama Mutua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na nyinyi wa viti vya nyuma, maana nawaona mnasinzia. Mimi ni Mama Kioko wa Kalama, na nimesimama hapa kuwaambia vile Mungu alinitoa kwenye wivu. Sio wivu wa mume. Wivu wa maharagwe.

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Mama Mutua ameolewa na mdogo wa mume wangu. Baba mkwe aliwagawia wanawe mlima mmoja: sisi juu, wao chini. Mvua ni moja, na mbegu tunanunua duka moja. Lakini mahindi yangu yalikuwa yakifika magotini yanageuka manjano, na yake yanapita kichwa cha mtu, na maharagwe yamejaa katikati yake. Nikiamka, kabla hata ya kuomba, nilikuwa natazama shamba lake. Kile kijani kiliniuma macho! Akinisalimia naitikia nusu. Akipeleka mboga sokoni, natamani mvua imkute njiani. Mama mkwe alipoanza kwenda kula muthokoi kwake, kwa sababu kwangu hakukuwa na mahindi ya kukoboa, nililia nikiwa nimeshika mwiko.

Na mwanamke mwenyewe ni mchafu! Mimi nilifunzwa na mama yangu kwamba shamba la mwanamke mwenye bidii halibaki na jani. Tukishavuna nang'oa mabua yote, nayachoma, nafagia mpaka ardhi inang'aa kama uwanja wa harusi. Mama Mutua aliacha mabua yamelala na majani yakioza, takataka tupu. Nikajiambia, mtu mchafu hivi anavunaje? Lazima kuna kitu.

Mvua fupi zikaja, zikaenda, na sisi hatukuvuna. Mume wangu akasema mbele ya mama yake, "Tukikosa tena, hii shamba tuachie Mama Mutua alime. Sisi atatugawia."

Ndugu zangu! Shamba langu mikononi mwa yule!

Basi siku ya soko, Mama Mutua alipoondoka, nilichukua jembe nikashuka kwake mchana kweupe. Nilikuwa nimesikia kwamba dawa ya shamba huzikwa katikati ya mistari. Nikachimba. Jua lilikuwa limewaka wiki nyingi, na kwangu jembe lilikuwa likiruka kama umelipiga kwa lami. Kwake liliingia lote. Chini ya yale majani yaliyooza udongo ulikuwa na unyevu, mweusi, nyungunyungu wanapishana. Uchawi sikuona. Nikapanda juu hadi kwenye mpaka wetu, mahali alipokuwa amelaza mabua kama ukuta. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na rundo la udongo mwororo mwekundu, na ndani yake vipande vya makaa ya mabua yaliyochomwa. Nikajiuliza, huyu hachomi kitu, makaa haya yametoka wapi?

"Mama Kioko, umepoteza nini?"

Alikuwa amerudi kuchukua magunia aliyosahau. Uongo ulikataa kuja, nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Uchawi? Ukiupata uniite, hata mimi niuone!" Kisha akachota ule udongo kwa kiganja. "Hii ni yako. Wewe unachoma, unafagia, shamba inabaki uchi. Mvua ikiipiga, inajifunga juu kama simiti. Maji haiingii, inakimbia, na inabeba ule udongo wote mzuri. Mimi naushika tu na mabua. Si nilikuambia, ukanijibu kila mtu ajue kwake?"

Mnadhani nilipona hapo? La! Wivu ulizidi. Kumbe amenona kwa udongo wangu! Nilitaka niupakie kwenye karai niurudishe wote nyumbani. Nilikwenda zangu bila kuaga.

Sasa mnajua mwethya wetu, kikundi cha akina mama tunaochimbiana mashamba kwa zamu. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya Mama Mutua. Akasimama mbele ya wote, akasema zamu yake apewe Mama Kioko, lile shamba la juu likatwe matuta. Sikumshukuru. Nilifikiri anataka sifa.

Tukaanza. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu uwe ukingo, ndio maji yasimame na kuingia ardhini. Na hapo nikaelewa jambo moja: mtaro wa mpakani ukiisha, udongo wangu hautashuka kwake tena. Ile rutuba ya bure imekatika. Na yeye ndiye aliyenifunza hayo, hivyo alijua kuliko mimi.

Nikainua macho nione ni nani amechukua mtaro wa mpakani. Alikuwa Mama Mutua. Yumo ndani mpaka magotini, anatupa udongo juu, upande wangu, na anaimba.

Haleluya! Kitu kilinikatika kifuani. Niliangusha jembe nikalia mbele ya mwethya mzima, nikamwomba Yesu anisamehe, na yeye nikamwomba. Akaniambia nishike jembe, jua linachwea.

Leo mabua sichomi, nayalaza. Mvua ndefu zilipokuja, maji yalisimama kwangu, yakaingia. Maharagwe yakabeba! Mume wangu hajataja tena kuachia mtu shamba, na mama mkwe amekula kwangu.

Lakini sitawadanganya nyumbani mwa Bwana. Juzi niliona mbaazi za Mama Mutua zimetoa maua na zangu bado, na kitu kikanichoma hapa, pale pale pa zamani. Ndugu yangu, kama kuna mtu unamtazama hivyo, usingoje mpaka uchimbe kwake. Mtumaini Bwana, kisha nenda ukamuulize.

Mimi niliomba palepale nimesimama. Kisha nikavuka mtaro, nikamuuliza alizipanda lini.