Saa ya Kwenye Kamera

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, nje ya banda la kinyozi, mkabala na duka la vitambaa. Wenye benchi wanajulikana. Kuna Kinyozi, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa hunyoa watu kwa maneno. Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kushindwa na swali. Buli, muuza kahawa. Na Jicho, fundi wa kamera, aliyebandikwa jina hilo siku alipofunga kamera mbili kwenye duka hilo la mkabala. Mwanzoni alilipenda. Alhamisi hii kila akiitwa alitamani ardhi ipasuke.

Maana habari ilikuwa moja tu. Mama Fagio, aliyefagia duka lile miaka kumi na moja, alifukuzwa Ijumaa. Jora moja la kitambaa cha pazia lilipotea, mwenye duka akafungua kamera ya stoo, akamwona mama wa watu anatoka na jora begani, na juu ya picha saa inasema kumi na robo alfajiri. Stoo haina dirisha na taa haizimwi, kwa hiyo mchana na usiku mle ni mamoja. Mama aliambiwa asikanyage tena.

— Ana ufunguo wa akiba, alisema Kinyozi. Aliukandamiza ule wa duka kwenye sabuni, akaenda kuchongesha mwingine. Kimya kimya.

— Ufunguo wa nini? Profesa akadakia. Alilala mle mle! Jioni wanafunga, yeye amejikunja katikati ya majora.

— Na kwake alilala nani? Buli aliuliza huku akimimina. Analala chumba kimoja na wajukuu, yule.

— Basi ana pacha, Profesa akajibu.

— Weee!

— Pacha, nakwambia. Miaka kumi na moja mnadhani mtu mmoja, kumbe wanapokezana zamu.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Jicho naye akacheka, kicheko cha kuazima, kisha akainamia kikombe.

— Jicho, mbona umenywea? Kinyozi akamgusa bega. Mashine yako hiyo. Hebu sema, kamera inadanganya?

— Kamera haidanganyi.

Na kweli haikudanganya. Aliyeidanganya ni yeye. Siku ya kuifunga ilikuwa saa tatu asubuhi, mashine ikamuuliza saa ngapi, naye bila kufikiri akabonyeza tatu, kama mtu anayemjibu jirani. Mashine haihesabu tangu jua kuchomoza, inahesabu tangu usiku wa manane. Tatu yake ni saa tisa ya usiku. Tangu hapo ikawa nyuma kwa saa sita, na saa nne na robo ya asubuhi, Mama Fagio alipotumwa kupeleka jora mbele dukani kama anavyotumwa kila siku, ikaandikwa saa kumi na robo alfajiri.

Aligundua kosa lake Jumatatu, alipokwenda kuongeza kamera ya tatu. Akairekebisha saa haraka haraka, mwenye duka akiwa amempa mgongo, akafunga begi lake, akaaga. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikapita, na kesho yake. Angesema, nani angempa tena kazi? Aliona haya hata kujitazama kwenye kioo cha Kinyozi.

— Mimi nimeshapata jibu, Profesa alisema. Anatembea usingizini.

— Na mlango uliofungwa? Kinyozi aliuliza.

— Mwili uliolala haujui mlango! Unapita tu.

— Acha porojo, mzee!

Hapo Buli akakohoa kwa nguvu. Mama Fagio alikuwa anavuka barabara, anawajia.

— Shikamoo, mama, walisema wote kwa pamoja, kama watoto waliofumaniwa.

— Marahaba, wanangu.

Buli akamnyooshea kikombe, mama akakataa kwa mkono. Macho yake yalikuwa kwa Jicho.

— Mwanangu, sikuja kugombana. Picha nimeonyeshwa. Ni mimi, na kilemba ni changu. Ila hiyo alfajiri siikumbuki hata kidogo. Sasa naogopa. Tangu Jumapili nimemwomba binti yangu anifungie mlango kwa nje nikilala. Nauliza tu, ninyi mlioona mengi: mtu akili ikianza kumtoka, huwa anajijua?

Kinyozi alijipatia kazi ya kufuta mkasi uliokuwa safi. Profesa alitazama viatu vyake. Jicho, aibu aliyokuwa ameibana siku tatu ikampanda mpaka masikioni.

— Mama, akili yako nzima. Hukutoka nyumbani alfajiri ile. Ilikuwa saa nne na robo, asubuhi, uko kazini kwako. Saa ya kamera niliiweka vibaya mimi.

Mama Fagio akakaa kwenye ukingo wa benchi, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Machozi yakapenya vidoleni.

— Namshukuru Mungu, alisema. Namshukuru Mungu. Nilidhani ndiyo basi tena.

Akajifuta kwa ncha ya kilemba. Kisha akamgeukia, bila hasira yoyote, kama mzazi anayemuuliza mtoto amekula.

— Na wewe, mwanangu, hili umelijua tangu lini?

Wote wakamtazama. Jibu lilikuwa neno moja, Jumatatu, na Jicho alifungua mdomo mara mbili lisitoke.